Hatua ya Kumi na Nne

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, umekula chochote, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kiwe kimeshakuachia. Mama naye mpe shikamoo zangu. Mwambie miwani yake niliikuta imejificha kwenye mikunjo ya kochi, haijavunjika, nitamletea. Mimi mwili haujambo. Kazini naenda, chakula kinapita, usingizi ninaupata wa kuvizia. Bosi amenipa jengo jipya la ofisi, makabati mia na ishirini ya namna moja, kazi ambayo mikono inaifanya yenyewe huku kichwa kikizurura kinakotaka. Nyumba yako ni salama. Bomba la jikoni nimelibadilisha mpira wa ndani, halidondoshi tena. Ule mmea wako wa dirishani ulitaka kutuaga, nikausogeza kwenye jua, sasa umetoa majani matatu.

Najua utajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi, hata jina lako nimelibonyeza nikakata kabla haijaita. Kuna mambo mdomo unayakimbia. Nikaona afadhali kalamu, kwa kuwa ukishaandika mstari mmoja unakutazama mpaka uandike wa pili.

Uliponiachia funguo uliniomba mambo mawili. La kwanza, nifunge vitu vyenu kwenye maboksi kabla mpangaji mwingine hajaingia mwisho wa mwezi. La pili, ile mashine ya mazoezi isiwepo, na ukasema hutaki kujua imekwenda wapi. Maboksi nimeshafunga. Mashine, Dada, bado ipo. Usikasirike kwanza. Mbele huko nitakupa sababu kubwa zaidi ya kukasirika, basi hasira yako iweke akiba.

Siku ya kwanza niliingia chumba cha nyuma nikitokea kazini, kama saa kumi na moja na nusu za jioni, jua bado liko ukutani. Nilikuwa na spana zangu na gunia. Benchi lilikuwa pale pale kwenye kona walikolisukumia wale askari siku ya msiba, nguzo mbili zimesimama kichwani mwake, chuma kirefu kimelazwa sakafuni, na zile sahani za uzito zimepangwa moja juu ya nyingine kama vyombo vilivyooshwa. Harufu ya yale mafuta ya saa ya shemeji ilikuwa bado imo humo, ingawa hakuwahi kutengenezea saa chumbani mle. Nikapiga goti nianze kulegeza nati za miguuni.

Hapo nikasikia mtu anahesabu. Moja, mbili, tatu, kwa kunong'ona, ile sauti ya puani ya mtu aliyebana kitu kwenye meno. Unaijua. Ndivyo alivyokuwa akihesabu skrubu za saa akizipanga kwenye kitambaa cheupe, kibano mdomoni, na hata mteja awe anamsemesha hakuruka namba. Nilidhani ni redio ya jirani. Nikaenda dirishani, dirisha la jirani limefungwa na gari lao halipo. Nikasimama pale pale mpaka sauti ikafika tisa. Kumi haikusemwa. Niliacha spana sakafuni nikaenda kukaa jikoni kama mgeni aliyeambiwa asubiri.

Kesho yake nilirudi saa ile ile. Nikajiambia mtu mzima haogopi namba. Akahesabu, akaishia tisa. Siku ya tatu hivyo hivyo. Utasema ni uchovu na majonzi, na mimi ningemwambia mtu mwingine hivyo hivyo. Lakini, Dada, nilichungulia lile daftari lake la mazoezi, lile lenye jalada la kijani. Kila siku ameandika kwa mwandiko wake wa mchwa: kilo ngapi, mara ngapi. Wiki yake ya mwisho ni kilo arobaini, mara kumi. Siku ile yenyewe ameandika kilo tu. Mara ngapi, hakuandika.

Basi sikuifungua mashine. Badala yake niliingiwa na wazimu wa kutaka kujua. Nilitaka kujua ilikuwaje pale juu ya benchi, na kama mtu aliye peke yake anaweza kutoka chini ya chuma kile au hawezi. Kusoma peke yake hakukutosha. Nilitaka kifua changu chenyewe kinijibu.

Kwenye lile jengo ninalofunga makabati, ghorofa ya chini, kuna ukumbi wa mazoezi. Anayeufundisha ni mwanamke mfupi, wa makamo, hapandishi sauti hata akikemea, na wote wanamwita Kocha. Nilimwambia nina mashine nyumbani na sijui kuitumia. Akanitazama kuanzia kiatu hadi kofia, akasema ameona wengi wenye mashine nyumbani wanaozianikia nguo, kwa hiyo mimi angalau nimeuliza. Akakubali kuja Jumapili asubuhi.

Alipoingia chumba cha nyuma hakugusa kitu. Alisimama mlangoni, akaziangalia nguzo, akauliza, "Mikono iko wapi?"

Nilijifanya sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba benchi la namna hii huja na mikono miwili ya chuma inayofungwa kwenye nguzo, huku na huku, chini kidogo ya usawa wa kifua. Ukizidiwa, chuma kinatua juu ya mikono badala ya kutua juu yako. Nikamwonyesha, ilikuwa imeegemea ukuta nyuma ya mlango. Akauliza nani aliitoa. Nikasema sijui. Akasema hatanifundisha kulala pale mpaka mashine nzima ishushwe na kufungwa upya kwa kufuata karatasi yake ya maelekezo, hatua kwa hatua. Niliposema mimi ni fundi wa kufunga samani mwaka wa kumi na moja huu, na karatasi huwa sisomi, alijibu kwamba hilo limeonekana.

Wiki hiyo alinifundishia kule ukumbini kwake. Dada, ungeniona ungecheka, hata sasa. Alinipa chuma kitupu, kisicho na sahani, na bado mikono ilitetemeka kama ya mlevi anayetafuta tundu la ufunguo. Akanifundisha kukanyaga sakafu kwa unyayo wote, kubana mabega nyuma, kukizungushia chuma kidole gumba kisije kikateleza, kushusha huku navuta pumzi na kupandisha huku naitoa. Kesho yake nilivaa shati kama mtu anayevalishwa na polisi. Chanuo halikufika kichwani siku mbili. Siku ya nne akaniwekea kilo arobaini, yeye amesimama kichwani pangu, vidole vyake chini ya chuma.

Niliinua mara tatu. Ya nne kikaganda katikati. Kilo arobaini, Dada, ukizibeba begani ni mfuko wa kawaida tu. Juu ya kifua chako, ukiwa chali, mikono imeshakwisha, ni kama mtu mzima amekukalia na hana haraka ya kuondoka. Huwezi kuvuta pumzi ya kuitia mtu. Kocha alikiacha sekunde mbili hivi, nadhani kwa makusudi, kisha akakiinua kwa vidole kama anayefunua sufuria.

Nilipokaa nilimuuliza, kana kwamba nauliza tu, aliye peke yake afanye nini. Akasema kama mikono ipo, unakiacha kitue, unateleza unatoka, unakwenda kunywa maji. Kama haipo, usifunge vibano vya kushikia sahani, ili ukizidiwa uinamishe upande mmoja zidondoke. Na kama mikono haipo na vibano umevikaza, basi muombe Mungu mtu awe karibu. Nikauliza kama ni muda mrefu. Akasema si mrefu, ila kwa aliye chini yake ni mrefu. Ndipo akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia mume wa dada yangu. Hakusema pole. Aliniambia tu nikaitafute ile karatasi.

Niliitafuta Jumamosi nikifunga meza ya kazi ya shemeji. Ilikuwa kwenye droo ya chini, pamoja na hati za dhamana za saa, imekunjwa mara nne kwa ustadi. Ina hatua kumi na sita. Kila hatua ameiwekea alama ya vema kwa penseli, ndogo na safi, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi na tatu. Ya kumi na tano na ya kumi na sita pia zina vema. Hatua ya kumi na nne ndiyo ya kufunga ile mikono miwili. Hiyo haina vema. Pembeni yake ameandika, kwa mwandiko ule ule wa mchwa: "Namsubiri shemeji." Shemeji yake ni mimi.

Dada, kaa chini kama umesimama.

Siku ya msiba, yule askari aliyekuja kuandika maelezo aliuliza mbele yako kwa nini mikono ilikuwa imeegemezwa ukutani. Wewe ulikuwa hujafumbua mdomo. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema shemeji aliitoa mwenyewe, alisema inamkera, na kwamba mimi nilimkataza. Askari akaandika. Wewe ukainamisha kichwa, na nikaona kitu kimeingia ndani yako kikajifungia.

Sikujua ni kitu gani mpaka Mama aliponipigia wiki iliyopita. Akaniambia chakula unakisukuma tu kwenye sahani. Akaniambia unamsimulia kila anayekuja kukuona kwamba jioni moja ulimkuta shemeji ananyanyua chuma kitupu ukamtania kuwa ananyanyua kama mtu anayefungua pazia, na yeye akacheka, na siku chache baadaye akaitoa ile mikono ili akuonyeshe yeye ni mwanamume. Unasema mashine uliinunua wewe, daktari alipomwambia apunguze tumbo la kukaa kitako, na mdomo uliomuua ni wako. Mama anasema siku hizi humtanii mtu yeyote, na mtoto wa jirani akikutania unatoka chumbani.

Hakuitoa, Dada. Haikuwahi kufungwa.

Unaikumbuka ile Jumamosi mashine ilipofika kwenye maboksi mawili, wewe ukaenda kazini na kutuachia chai kwenye chupa. Shemeji alitandika shuka, akazipanga bolti zote kwa urefu, akahesabu, akasema zote zimo. Akaanza kunisomea karatasi. Mimi nikamwambia asome kimoyomoyo, mikono yangu inajua kusoma. Kwenye hatua ya tatu, ya miguu, nilichukua zile bolti ndefu nne zilizokuwa za mikono ya usalama, nikazikaza miguuni kwa nguvu zangu zote. Nilipofika hatua ya kumi na nne zilizobaki ni fupi, hazitoboi upande wa pili. Nilijua pale pale nimekosea wapi. Miguuni zilikuwa zimetokeza kama meno ya sungura. Kusahihisha kulitaka niilaze mashine, nifungue miguu, nibadilishane. Nilikuwa nimechoka, na wenzangu walikuwa wananisubiri tukaangalie mpira. Na kubwa kuliko yote, nilikuwa nimeshajigamba.

Nikamwambia kiwandani wamesahau kuweka bolti nne. Yeye aliyezihesabu. Akanitazama, akatazama shuka, na kwa heshima ya mtu kwa shemeji yake akasema labda alihesabu vibaya. Nilimwambia nitaleta nyingine Jumatatu kutoka kazini, na kwamba mikono yenyewe ni ya waoga tu, mimi nimepiga vyuma tangu ujana na sijawahi kuihitaji. Dada, sikuwa nimewahi kulala chini ya chuma hata siku moja. Nikamwonyesha namna ya kulala na namna ya kushika. Nikamsisitizia avikaze sana vile vibano vya pembeni, sahani zisije zikateleza. Kila nilichomfundisha mchana ule, Kocha amenifundisha kinyume chake.

Jumatatu ikapita. Alinikumbusha kwenye simu, kwa mzaha. Mara ya pili nilipita dukani kwake anibadilishie mkanda wa saa, akanifanyia, akakataa kupokea chochote, halafu akauliza kwa upole kama zile bolti hazijafika. Nikasema ziko njiani. Hazikuwa kwenye njia yoyote. Unaweza kuuliza kwa nini hakuchukua spana akafanya mwenyewe, mtu wa mikono kama ile. Wewe unajua kwa nini. Hakuwa mtu wa kuifungua saa iliyofungwa na fundi mwenzake mpaka amuulize. Kazi ile ilikuwa yangu, akaniachia. Na zile ncha zilizotokeza miguuni nilizikuta amezivisha vipande vya mpira, kimoja kimoja, amevikata kwa wembe na kuvifunga uzi, ili ukifagia usichubuke mguu.

Wiki sita baadaye ulirudi kutoka kazini ukamkuta.

Juzi, Jumapili mchana, niliishusha mashine yote. Nilitandika shuka kama alivyotandika yeye, nikazipanga bolti kwa urefu, nikahesabu, na zote zimo. Nikaifunga upya kwa kusoma kila mstari kwa sauti. Kubadilishana zile bolti, kuanzia kuilaza hadi kuisimamisha, kulinichukua dakika ishirini na mbili. Nilitazama saa. Nimekaa na dakika hizo tangu juzi na sijui pa kuziweka.

Kisha nikafanya jambo la kijinga ambalo Kocha akilisikia atanifukuza. Nilipachika kilo arobaini, nikalala peke yangu, nikanyanyua mpaka mikono ikakataa, nikaacha. Chuma kikatua juu ya ile mikono miwili kwa mlio mmoja, mbali na koo langu kwa upana wa kiganja. Nikateleza, nikatoka, nikasimama. Ni rahisi hivyo. Nikakaa sakafuni nikalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike, kwa sababu pale makaburini nilikuwa nimeshughulika sana kutunza uongo wangu usije ukadondoka.

Nilidhani nikishaifunga ile mikono atanyamaza. Nikuambie ukweli wote, hakunyamaza. Jioni ile ile saa kumi na moja na nusu alianza tena, moja, mbili, tatu, na bado anaishia tisa. Sijui ni yeye, sijui ni mimi. Kilichobadilika ni kwamba sasa sitoki. Navuta kiti, nakaa naye mpaka amalize, kwa sababu mara ya kwanza hakuwa na mtu wa kukaa naye.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Kumwomba mtu asamehe akiwa mbali ni kumtuma kazi. Ninachokuomba ni kimoja, ukiache kile ulichokiokota siku ya msiba. Si chako, ni changu. Utani wako kwa mumeo ulikuwa utani, na yeye alicheka kwa sababu ulimchekesha. Aliniambia mwenyewe, dukani, akinifunga mkanda wa saa. Alisema nyumbani kwake kuna mtu anayemchekesha kila siku bila malipo. Hilo nililificha pamoja na mengine, kwa kuwa nisingeweza kulisema bila kusema siku gani aliniambia na alikuwa ananidai nini.

Kituoni kwa yule askari sijakwenda bado. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kusikia, ndiyo maana barua hii naituma kwa basi la usiku wa leo. Nitakwenda Jumatano asubuhi nibadilishe maelezo yangu, lolote litakalofuata lifuate. Jumamosi Kocha ataichukua mashine, na zaidi ya hapo sitakueleza, kama ulivyotaka.

Alhamisi nitapanda basi la alfajiri nije huko. Mama sijamwambia chochote. Kumwambia au kutomwambia ni hiari yako, nisije nikakunyang'anya na hilo. Sitabisha hodi. Nitasimama upande wa pili wa barabara, pale penye duka la madaftari, kuanzia saa nne. Ukitaka kuja kunitukana, njoo. Ukitaka kuniangalia tu, niangalie. Usipotaka, usihangaike kumtuma mtu, maana nitaelewa. Nitapanda basi la saa kumi nirudi, na Alhamisi inayofuata nitakuja kusimama tena.

Wasalimie wote waliokuzunguka, na uwashukuru kwa niaba yangu kwa kukutunza nisipoweza mimi. Mungu akupe usingizi.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,

aliyemsubirisha mumeo.